Taa Yako, Ufunguo Wako: Mazungumzo Kuhusu Kuunganisha Taa Janja na Mfumo wa Nyumba



Zamani mtu aliponunua taa, mapatano yake na muuzaji yalikwisha pale pale dukani. Alilipa, akaifunga, ikawaka. Ilipoungua, alinunua nyingine. Taa janja imeubadili utaratibu huo. Ndani ya balbu yake mna kompyuta ndogo na redio, nayo hupokea amri kutoka kwenye simu, kwenye kitovu kilichomo nyumbani, au kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo. Anayeinunua hununua mwanga pamoja na uhusiano, na uhusiano huo ndio unaohitaji uangalifu zaidi.

Nia yangu leo ni kueleza jinsi taa hizi zinavyounganishwa, na kuonyesha mahali ambapo mnunuzi anaweza kupoteza mamlaka juu ya mali yake bila kutambua.

Kabla ya kutoa fedha, soma boksi. Jambo la kwanza ni njia ya mawasiliano. Balbu za Wi-Fi huzungumza na ruta moja kwa moja, na nyingi hukubali masafa ya gigahezi 2.4 pekee, ruta iliyowekwa katika gigahezi 5 tu haitaziona. Balbu za Zigbee huhitaji kitovu. Zile za Bluetooth, pasipo kitovu, hukutii ukiwa karibu tu. Huenda pia ukaona neno Matter. Hicho ni kiwango cha pamoja kilichotolewa mwaka 2022 ili vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane. Alama yake ni msaada mkubwa kwa asiyetaka kufungwa na kampuni moja.

Jambo la pili ni umeme wenyewe. Umeme wetu wa majumbani ni wa volti 230. Balbu iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani, hata ikiletwa kama zawadi na ndugu mpendwa, haifai kufungwa hapa. Tazama pia kitako: cha pini mbili huandikwa B22, cha kuzungusha huandikwa E27.

Jambo la tatu, muulize muuzaji: intaneti ikikatika, taa hizi zitaendelea kutii? Asipojua, mwombe akuonyeshe maelezo ya mtengenezaji.

Sasa tuje kwenye kazi ya kuunganisha. Fungua kwanza kitovu, kiunganishe na ruta, na ukiruhusu kipakue masahihisho yake ya programu. Kisha funga balbu moja tu, uiwashe kwa swichi ya ukutani, na uiamuru programu itafute kifaa kipya. Ikishaonekana, ipe jina linaloeleweka na kila mtu wa nyumbani, kama vile «Jikoni» au «Baraza», ndipo uende kwenye ya pili. Anayewasha balbu kumi kwa pamoja hujitafutia kazi ya kukisia ipi ni ipi. Ikiwa ni za Zigbee, anza na iliyo karibu na kitovu, ukiendelea kwenda mbali, kwa kuwa balbu iliyo na umeme kwa kawaida huipokezea ujumbe ile inayofuata.

Balbu isipoonekana, huenda bado imeshikamana na mfumo mwingine. Irejeshe katika hali ya kiwandani. Kwa balbu nyingi hilo hufanywa kwa kuizima na kuiwasha mara kadhaa mfululizo. Idadi hutofautiana, kwa hiyo fuata kijitabu chake. Balbu ya Matter huja na msimbo wa kuunganishia. Upige picha kabla hujaifunga darini, maana mara nyingi umechapwa kwenye mwili wa balbu, nawe utauhitaji tena.

Nyumba zetu zina mambo mawili ya pekee. La kwanza ni swichi ya ukutani. Mtu akiizima kwa mazoea, balbu hukosa umeme na kupotea katika mfumo. Ikiwa ilikuwa ikipokezea nyingine, nazo zaweza kukatika. Wapo wanaofikiri dawa ni kununua swichi janja, lakini nyingi zinahitaji waya wa nyutro, na masanduku ya swichi katika nyumba nyingi hayana waya huo. Hilo ni la kukaguliwa na fundi umeme mwenye leseni kabla ya kununua. Wala usifunge balbu janja kwenye swichi ya zamani ya kupunguza mwanga.

La pili ni kukatika kwa umeme. Balbu nyingi, umeme ukirudi, huwaka kwa mwanga wote, hata iwe saa nane ya usiku. Tafuta katika programu mpangilio unaoiagiza irudi kama ilivyokuwa. Na umeme ukikatika na kurudi mara kadhaa kwa haraka, balbu yaweza kudhani unairejesha kiwandani, ikasahau mfumo wake. Ukiikuta hivyo, usiharakishe kusema imekufa. Jaribu kwanza kuiunganisha upya.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Tuchukue mfano wa mama anayemwita fundi amfungie taa. Fundi, kwa kutaka kumaliza upesi, anatumia simu yake mwenyewe na akaunti yake mwenyewe. Taa zinawaka, mama anafurahi, fedha zinalipwa. Miezi sita baadaye mama anabadilisha ruta, na taa hazitii tena. Fundi naye amebadili namba. Zaidi ya hayo, muda wote huo fundi angeweza, akiwa popote, kuona taa za chumba cha kulala zinapozimwa, na kujua ni lini nyumba haina mtu.

Kwa sababu hiyo, akaunti ifunguliwe kwa jina la mwenye nyumba, kwa simu yake na kwa nywila anayoijua yeye. Fundi apewe ruhusa ya muda, nayo ifutwe kazi ikiisha. Kabla ya kulipa, iwashe na kuizima kila taa kwa mkono wako mwenyewe, fundi akiwa hapo. Anayehama, au anayeuza vifaa vilivyotumika, aviondoe kwanza katika akaunti yake; anayenunua adai hilo lifanyike mbele ya macho yake.

Yapo pia yatokanayo na kampuni zenyewe. Mwezi Aprili 2022, kampuni ya Marekani iitwayo Insteon ilizima kompyuta zake za huduma pasipo kuwatangulizia wateja taarifa. Programu za simu zikaacha kufanya kazi, ingawa swichi zilizounganishwa moja kwa moja nyumbani ziliendelea. Miezi michache baadaye kundi la wateja wake liliinunua kampuni hiyo na kurejesha huduma. Funzo lake ni jepesi: mfumo unaotoa maamuzi ndani ya nyumba hubaki na uhai hata mwenye kampuni akifunga mlango.

Mwisho, dai risiti, tunza boksi na waranti, na andika tarehe ya kila hitilafu. Bidhaa ikishindwa kufanya kile boksi lake lilichoahidi, mrudie muuzaji kwanza. Akikataa kukusikiliza, peleka lalamiko lako kwa mamlaka husika ukiwa na vielelezo hivyo.

Kuuliza si ujinga. Ulizeni kabla ya kulipa, na mwondokapo dukani muwe na hakika kwamba taa mliyoinunua itawatii ninyi.