Vifupisho Katika Kitabu cha Askari cha Babu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati, wazee na wageni)



Kamati imeniomba niseme juu ya karatasi za zamani tulizovuka nazo ziwa mwaka 1996. Nitasema juu ya moja tu: kitabu cha babu yangu mzaa baba, aliyekuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nasema juu ya hicho kwa sababu kilinitia aibu.

Nilipohojiwa kwa ajili ya faili ya familia, niliulizwa kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuwa askari au mkimbizi kabla yetu. Nikajibu bila wasiwasi kwamba babu alikuwa vyote viwili. Mwishoni mwa kitabu chake pameandikwa "Réf. 8-42", na nyumbani sote tulisoma "réfugié". Sisi tunaoishi kambini tungesoma nini kingine? Aliyenihoji akauliza: alikimbia nini, alikimbilia wapi, alirudi lini? Sikuwa na jibu. Ikaandikwa kwamba maelezo yangu hayalingani.

Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa karani kule nyumbani. Alikiweka kitabu juani, akasoma polepole. "Réf." ni "réformé", yaani askari aliyeachishwa jeshi kwa kuwa mwili wake haufai tena. Kando yake palikuwa na "inap.", kwa maana ya "inapte", asiyeweza kazi, sisi tuliliruka kwa sababu wino umefifia. Hapo nikakumbuka maneno ya bibi, kwamba babu alirudi amekonda, hata jembe hakuweza kulishika kwa miezi mingi. Tuliyasikia maneno hayo tangu utotoni, wala hatukuyaunganisha na kitabu.

Mengine yalikuwa rahisi. "Mle" ni namba ya askari, "Sdt" ni askari wa kawaida, "Cie" ni kompania. "XI Bn" ni batalioni ya 11, na hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizopitishwa Sudan kwenda Abisinia kupigana na Waitalia. Asosa ilitekwa Machi 1941, na Julai mwaka huo Waitalia wakajisalimisha Saio. Wakati huo Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu mwaka 1940. Katika safari ile maradhi yaliua watu wa Kongo wengi kuliko risasi, na wapagazi walikufa kwa mamia.

Kosa jingine lilikuwa la tarehe ya kuzaliwa. Imeandikwa "v. 1917". Kwa kuwa batalioni ilikuwa na namba ya Kirumi, tuliona hiyo nayo ni tano ya Kirumi, tukasema babu alizaliwa mwezi wa tano. Kumbe ni "vers", yaani yapata mwaka 1917. Karani alikisia tu, labda kwa kumtazama meno!

Waingereza nao wana vyao. Mwenyeji mmoja wa hapa Tanzania alinionyesha karatasi ya baba yake aliyekuwa KAR, ina "S.O.S." Alidhani baba yake aliomba msaada vitani. Maana yake ni kwamba jina limefutwa katika orodha ya kikosi, kwa kuhamishwa, kuachishwa au kufa. Yapasa kusoma mstari mzima.

Basi wenye karatasi za namna hii, zileteni kwa wazee kabla ya siku ya mahojiano. Msiandike kitu juu yake. Nanyi ndugu wa mashirika, tunaomba kifupisho kisichojulikana kinakiliwe kama kilivyo, hata kama mwenye karatasi ana hakika, maana mimi nilikuwa na hakika.

Nilirudi kuomba maelezo yangu yasahihishwe. Nilipewa karatasi nyingine, nami nikaandika: babu aliachishwa jeshi, hakuweza kazi tena, Agosti 1942. Bado nangojea jibu.