Mtoto Asimame na Wenzake

(Hotuba ya akina mama wenye watoto wa mtindio wa ubongo, siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Kwa miaka kumi tumekopeshana mitaji ya genge, cherehani na ada za shule. Leo tunaleta ombi jingine: fremu ya kusimamia.

Watoto wetu hawakurogwa, wala mtindio wa ubongo hauambukizi. Ubongo uliumia ungali unakua, ukashindwa kuiongoza misuli vizuri. Mtoto wa kulala na kubebwa tu, misuli yake hukaza na kufupika, mifupa hukosa nguvu, na nyonga huweza kuteguka polepole. Akisimamishwa na kushikiliwa vyema, misuli hunyooshwa, mifupa hubeba uzito, na mikono hupata nafasi ya kuchezea vitu mezani. Tena huwaona wenzake uso kwa uso. Lakini tusidanganyane, akina mama: fremu haiponyi, na si kila mtoto atatembea.

Fundi seremala wa hapa hapa anaweza kuitengeneza kwa mbao, sponji na mikanda. Hata maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga hufaa. Ufundi huo ulienezwa na Bevill Packer kutoka Zimbabwe. Ila vipimo vichukuliwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naye aikague nyonga kwanza. Visigino vikanyage, magoti yashikwe, miguu iachane kidogo. Tuanze na dakika chache, tuongeze taratibu, kwa ushauri wake, hadi nusu saa au saa moja kwa siku. Akilia kwa maumivu, mtoe. Na asiachwe peke yake hata kidogo.

Wenzetu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtoto wa miaka sita mgongoni, mama hafiki gengeni. Asipofika gengeni, pesa ya hisa haipatikani. Mwisho wake hujitoa kikundini kimya kimya, na sisi tunasema amezembea.

Kwa hiyo tunaomba: mkopo wa fremu utoke mfuko wa jamii, bila riba. Mtoto akiizidi kimo, irudi kikundini, ipimwe upya kwa mwingine. Mkutano ujao tulipigie kura jambo hili.