Korti isiyoaminiwa inafungisha watu mizigo



Sikuje hapa kupiga siasa. Kazi yangu ni kupita mu vijiji na mu kartye, na kitu kimoja ninakiona: kama korti kubwa ya inchi haiaminiwe, sisi wenye kurudi njo wa kwanza kufunga mizigo. Mwenye aliishi Meheba ao Kala, kule Zambia, anajua bei yake.

Korti yetu ya Katiba iko na waamuzi 9. Watatu wanatoka kwa Raisi, watatu kwa wabunge na wasenata wakikaa pamoja, watatu kwa Baraza kuu la waamuzi. Wanatumika miaka 9, hawarudie. Katiba ya 2006 ilipanga hivi kusudi mutu mumoja asiwashike wote mukononi. Mpango ni muzuri. Lakini imani haitoke mu karatasi, inatoka mu matendo.

Mu Januari 2019, Martin Fayulu aliomba kura zihesabiwe tena. Maaskofu wa CENCO walikuwa wamesema matokeo ya CENI hayapatane na yale waangalizi wao waliona. Korti ilikataa. Katikati ya mwaka ule ule ikafuta wabunge wengi, zaidi wa upinzani, kisha ikarudisha wamoja. Watu wakajiuliza: sheria ilibadilika lini? Kisha uchaguzi wa Desemba 2023, Fayulu na Moïse Katumbi, mutu wa huku kwetu, hawakupeleka hata mashtaka. Walisema hawana imani na korti.

Hapo njo kwenye hatari. Mutu akikosa fasi ya kulalamika, anabakia na barabara tu. Kenya ilionja: mwisho wa 2007 Raila Odinga alikataa kwenda korti. Watu zaidi ya 1000 walikufa, mamia ya maelfu wakakimbia nyumba zao. Kisha wakapata katiba mupya ya 2010 na Korti kubwa mupya. Mu 2013 Odinga alishindwa mule, akakubali. Tarehe 1 Septemba 2017, korti ile ile ikafuta ushindi wa Raisi aliyekuwa mu kiti. Fujo haikuisha yote, lakini watu waliona mulango uko wazi.

Sisi tufanye nini? Hatuchague waamuzi. Lakini matokeo ya kila chumba cha kura sherti yabandikwe pale pale. Tuyasome, tuyaandike, tuyalinde. Mashtaka juu ya kura ya Raisi yanapelekwa mu siku 2, na Korti inakata maneno mu siku 7. Bila karatasi, ni makelele tu.

Na tuanzie kwetu: mwenye kushindwa mu kura ya komite asikilizwe na watu wasiokuwa mu komite. Kwa marafiki wanaotusaidia ninasema hivi: mbegu na mabati ni muhimu, lakini mutu anabakia kwao kama anajua fasi ya kupata haki.