Faili Lipo, Mashine Hailioni

Juma lililopita mpwa wangu alirudishiwa tasnifu yake ya uzamili. Utafiti haukuwa na kasoro. Kilichokataliwa ni orodha ya marejeo, iliyopangwa kwa mtindo usiotakiwa na idara yake. Akapewa siku nne.

Kijana huyu hupanga maandishi yake kwa LaTeX, programu ya bure iliyojengwa juu ya TeX, ambayo Profesa Donald Knuth wa Marekani aliitoa mwaka 1978 baada ya kuchukizwa na jinsi kitabu chake kilivyopangwa chapa. Marejeo hushughulikiwa na BibTeX, iliyokuja 1985 na mitindo minne ya msingi. Mingine mingi imeongezwa tangu hapo, lakini wa idara hii haukuwamo. Ilibidi auweke mwenyewe.

Faili la mtindo, lile lenye mkia wa bst, akalipata. Akalitia kwenye folda ya mitindo ya kompyuta yake, akaendesha kazi. BibTeX ikajibu kwamba imeshindwa kulifungua. Karatasini, kila palipotakiwa rejeo pakatoka alama ya kuuliza ndani ya mabano.

"Mjomba, faili lipo, naliona kwa macho yangu!"

Mtunza maktaba mmoja ndiye aliyemfumbua. Programu hii haizunguki folda zote kutafuta faili. Husoma daftari lake, liitwalo ls-R. Ni sawa na kitabu kilichowekwa rafuni bila kuandikiwa kadi. Msomaji ataambiwa hakipo. Dawa ni amri moja, mktexlsr, inayoandika daftari upya. Kisha unaendesha LaTeX ili ikusanye majina yaliyotajwa, BibTeX ivute habari zake, halafu LaTeX mara mbili: ya kwanza iingize orodha, ya pili ijaze mabano.

Mwenye haraka anaweza kuliweka faili la mtindo pamoja na tasnifu yenyewe, daftari lisihusike. Ila kazi ya pili ikianza kwenye folda nyingine, atalinakili tena.

Nina ugomvi na wanaoandika maelekezo ya mambo haya. "Weka faili mahali pake," wanasema, basi. Habari ya daftari wanaiacha, kwa sababu wao wameizoea. Siku mbili kati ya zile nne za mpwa wangu ziliishia hapo.

Alhamisi jioni aliichapa upya, kurasa mia na ushee. Alama za kuuliza hazikuwamo.