Vioo vya Rangi Katika Bwalo la Chuo

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Chuo Kikuu cha Yale, katika mji wa New Haven nchini Marekani, kina maktaba kuu iitwayo Sterling, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa umbo la makanisa makuu ya Ulaya ya kale. Madirisha yake yamepambwa kwa maelfu ya vipande vya kioo vilivyochorwa na fundi G. Owen Bonawit. Fundi huyo alipewa pia kazi ya kupamba mabweni ya chuo hicho, na ni katika bweni mojawapo ulikozuka mgogoro unaostahili kutazamwa na kila aliyekabidhiwa jengo la umma.

Kwanza kazi yenyewe ieleweke. Kioo cha namna hii hakipakwi rangi kama ukuta. Fundi husaga kioo kikawa unga, akauchanganya na kutu ya chuma au ya shaba, akachora, kisha akakichoma kioo katika tanuri hata mchoro ukashikamana nacho. Rangi ya manjano hutokana na madini ya fedha. Vipande huunganishwa kwa kingo za risasi. Mchoro wa aina hiyo haufutiki kwa kitambaa. Anayeuchukia hana budi kukiondoa kioo.

Bweni hilo lilifunguliwa mwaka 1933, likapewa jina la John C. Calhoun, aliyehitimu Yale mwaka 1804 na kuwa Makamu wa Rais wa Marekani tangu 1825 hadi 1832. Ndiye aliyesimama katika Seneti mwaka 1837 akadai kwamba utumwa si uovu wa kuvumiliwa, bali ni jambo jema. Kioo kimoja kilimwonyesha yeye, na mtu mweusi mwenye minyororo amepiga magoti mbele yake. Kingine, katika bwalo la chakula, kilionyesha mwanamume na mwanamke watumwa wamebeba vikapu vya pamba vichwani.

Iangaliwe miaka. Utumwa ulipigwa marufuku Marekani mwaka 1865. Vioo viliwekwa miaka 68 baadaye. Kwa hiyo wanaovitetea kwa kusema ni kumbukumbu ya zama za utumwa wanakosea hesabu: ni kumbukumbu ya wasomi wa miaka ya 1930, walioona kwamba picha ya mtumwa ni pambo linalofaa mahali pa kulia chakula.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya malalamiko, picha ya yule aliyepiga magoti iliondolewa. Calhoun akabaki peke yake, msafi. Wakubwa wa chuo walidhani wametibu donda, kumbe wamemtakasa bwana kwa kumficha mtumwa wake! Jambo kama hilo lilitokea pia kwenye mlango mmoja wa maktaba ya Sterling, penye mchongo wa mawe wa Mzungu mlowezi mwenye bunduki na Mhindi Mwekundu mwenye upinde. Katika matengenezo ya mwaka 2016 bunduki ilifunikwa kwa jiwe, upinde ukaachwa. Mtazamaji asiye na habari angeamini kwamba mwenye silaha alikuwa mwenyeji. Mchongo huo uliamuliwa kuhamishwa mwaka 2017. Mara nyingi wanaoonywa wasifute historia ni wale wanaolalamika. Hapa waliofuta ni wenye nyumba.

Aprili 2016, baada ya mijadala mirefu ya wanafunzi na maprofesa, mkuu wa chuo Peter Salovey alitangaza kwamba jina la Calhoun litabaki. Mwezi Juni, mfanyakazi mmoja mweusi wa bwalo, ambaye kila siku alifanya kazi chini ya picha ile ya pamba, alikivunja kioo kwa mpini wa ufagio. Vigae vilianguka njiani, karibu na mpita njia. Kosa hilo haliwezi kusifiwa, kwani mtu angeweza kuumia. Lakini ni nani katika mijadala ile aliyekwenda jikoni kuuliza? Wasomi walibishana juu ya maana ya picha. Mtumishi aliyebeba sahani mbele yake hakuhitaji kufafanuliwa.

Alikamatwa, akashtakiwa, akaacha kazi. Watu wengi wakamtetea. Mashtaka yakafutwa, na mwezi Julai akarudishwa kazini. Vioo vingine vyenye utata navyo viliamuliwa viondolewe vikahifadhiwe, vitumike katika maonyesho na mafunzo. Hapo ndipo mahali pake, pamoja na maelezo ya nani aliviagiza, lini na kwa nini; si juu ya meza ya chakula.

Kamati iliundwa kuweka misingi ya kubadili majina, ikatoa taarifa Desemba 2016. Februari 2017 jina la Calhoun liliondolewa, na bweni likaitwa kwa jina la Grace Murray Hopper, bingwa wa hisabati na kompyuta aliyepata shahada ya udaktari Yale mwaka 1934 na kufikia cheo cha admirali katika jeshi la majini.

Madirisha hayakuachwa matupu. Kazi ya kubuni vioo vipya walipewa wasanii wawili weusi, Barbara Earl Thomas na Faith Ringgold, na vikazinduliwa mwaka 2022. Vile vya Thomas, vilivyowekwa katika bwalo, vinasimulia pia jinsi jina la nyumba hiyo lilivyobadilishwa, kwa hiyo mwanafunzi anayekula hapo leo anaweza kuuliza Calhoun alikuwa nani, akajibiwa.