Babu Amechanganyikiwa Tangu Jana?

Msikilizaji, mzee wako akianza kupayapaya, usikimbilie kusema ni uzee, au karogwa. Jiulize kwanza: imeanza lini?

Demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, hunyemelea kwa miezi na miaka. Mzee hurudia swali lile lile, hupotea njia ya sokoni aliyoizoea, lakini mwanzoni yu macho na anakusikiliza. Deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, huja kwa saa au siku chache, tena hupanda na kushuka: asubuhi ana nafuu, usiku haitambui nyumba yake. Wengine hawapigi kelele. Wanazubaa na kusinzia tu, na hao ndio tunaowapita tukidhani wamepumzika! Chanzo chaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, upungufu wa maji, hata dawa mpya ya usingizi. Na mwenye demensia hupata deliriamu kwa urahisi zaidi.

Sonona, hitilafu ya tezi ya shingo na upungufu wa vitamini B12 navyo huvuruga kumbukumbu, na vina tiba.

Mabadiliko yakiwa ya ghafla, mpelekeni hospitali leo hii, na dawa zake zote mzibebe.