Feni Zinazunguka, Skrini Nyeusi

Leo tunazungumza nawe uliyejiundia kompyuta ya mezani nyumbani. Umebonyeza kitufe, feni zinazunguka, lakini skrini ni nyeusi. Usikimbilie dukani kununua kifaa kipya.

Kila unapotaka kugusa ndani, zima na uchomoe waya ukutani, kisha shika chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vifaa.

Kwanza, kebo ya skrini. Kama umefunga kadi ya picha, ichomeke kwenye kadi hiyo, si kwenye ubao mama. Pili, waya wa umeme wa prosesa, wenye pini 4 au 8. Wengi huusahau, na bila huo prosesa haifanyi kazi ingawa feni zinazunguka. Tatu, ramu. Ichomoe, uirudishe kwa nguvu ya wastani mpaka kibanio kijifunge. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Bado giza? Ondoa diski na kila kisicho cha lazima. Ikiwaka, rudisha kifaa kimoja kimoja. Kitakachorudisha tatizo ndicho cha kuchunguza.

Onyo: pawa saplai usiifungue kamwe. Kapasita zake huweza kubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Ukisikia harufu ya kuungua, chomoa na umwite fundi. Pesa ya kifaa hurudi, msikilizaji; uhai haurudi.